Jina la Ngalula na Shule Mbili za Masista

Kolwezi, Jumapili, siku ya Mungu, alasiri. Baridi ya mwezi wa nane, upepo wa vumbi, na moshi wa majani yanayochomwa porini.

Jambo, yaya, dada yangu mkubwa. Uko mzima? Kifua kinakuachia kidogo? Huku tuko, kwa neema ya Mungu. Ila moyo wangu ni mzito, ndiyo maana shajara ya leo nakuandikia wewe, kama vile tunatwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja kwako Mutshatsha.

Binti yetu Ngalula amemaliza darasa la mwisho hapa kambi ya mgodi. Shule mbili za masista zimekubali kumpokea, zote ndogo, zote za bweni. Kesho padri anataka jibu.

Mi nimezitembelea zote. Ya kwanza iko upande wa Lubudi. Masomo yake ni makali: Kifaransa kutwa, hesabu, na mwisho msichana anatoka mwalimu. Lakini niliwaona wasichana wakila kimya, kila mmoja na sahani yake. Na jina la nyumbani linabaki mlangoni. Wanaitwa la ubatizo peke yake.

Ya pili haiko mbali na kwako. Wasichana wanapika bukari, ugali wetu, wenyewe, wanakula pamoja wakicheka, wanalima mboga, wanaimba vizuri mpaka nilisahau kuondoka. Jina lako unakaa nalo. Ila masomo ni kushona, kufua na kulea watoto, na Kifaransa cha kusalimia tu. Ukimaliza, unarudi nyumbani kungoja mchumba.

Nilipiga magoti kila asubuhi kuomba njia.

Shida iko kwa bwana wangu. Unajua, yaya, mtoto huyu alirithi jina la mama mzazi wa bwana, yule aliyefia kwao Kasai wakati bwana yuko huku mgodini. Hakumzika. Basi tangu Ngalula azaliwe, anamwita Mama. Hajampiga hata mara moja. Nani anapiga mama yake? Akitoka kazini anamsalimia yeye kwanza, mi baadaye. Nimezoea.

Leo, baada ya misa, tulikaa kula. Bwana akasema: "Mi nimekata maneno. Mama ataenda ku ile ya nyimbo. Kule ya Lubudi batamuita Maria, Maria, kama vile hana kwabo. Jina ya mama yangu ikufe mara ya pili?"

Masista walinifundisha kusoma na katekisimu, basi, na ualimu ule niliutamani kwa ajili ya Ngalula.

Ngalula akaweka tonge chini. "Tata, mi niko nani ku hii nyumba?"

"Uko mama yangu."

"Mama akisemaka, mutoto anafanyaka nini?"

Bwana akanitazama, kama vile mi ndiye niliyemfundisha. "Anasikiaka," akajibu polepole.

"Basi sikia, mutoto yangu. Mi nitaenda Lubudi. Nitasoma, nitakuwa mwalimu. Baniite Maria. Nikirudi likizo, utaita jina yangu mpaka uchoke."

"Eee! Ni mama yangu, ule muzee mwenyewe!" Bwana akacheka, akajipiga mapaja kwa viganja. "Hata kiburi ni yake!" Akacheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha na machozi hayakuisha.

Akasimama, akachukua kofia aende kwa padri, asingoje kesho. Mlangoni akageuka.

"Mama, kule kuko baridi. Utabeba blanketi yangu."

Nimepata nilichotamani, yaya, na sina furaha. Naangalia blanketi ile juu ya kiti na siwezi kuikunja. Mtoto asiyeitwa jina lake mwaka mzima, atarudi akiitikia lipi?

Masista wa Lubudi walituambia tuandike jina la ubatizo tu juu ya bahasha. Ndani ya barua hawakukataza kitu. Basi mi nitaanza kila barua na Ngalula. Nawe, tafadhali, fanya vile vile, mara nyingi.

Nitakupelekea ukurasa huu kwa treni ya kesho. Unijibu upesi, kabla Ngalula hajaondoka. Niambie kama tumechagua vizuri.