Karatasi za Silva Chumbani kwa Mama

Jumanne, 13 Januari 2026
Baba mdogo Abubakary amepaka lami bati lote la chumba cha mama. Kwa ajili ya tobo moja! Saa nane mchana ukuta unachoma mkono. Mama ana presha, na yuko eda – hatoki mpaka itimie miezi minne na siku kumi tangu baba afariki. Uani wanapita wapangaji wanaume, kwa hiyo ni chumbani tu. Zimebaki siku sitini na moja.
Nyeusi hunyonya joto. Nilitaka kumwambia akiwa bado juu ya ngazi. Nikasema, "Shikamoo." Akaitikia. Basi.

Alhamisi, 15 Januari
Leo nimesema. Kwamba bati likiachwa ling'ae linarudisha jua, lami inalivuta. Akacheka. Matokeo ya fomu foo hayajatoka, ushakuwa injinia? Mbona baibui lako jeusi? Wapangaji nao wakacheka. Jibu lilinijia nikiwa nafua – baibui linapepea, bati halipepei. Nikamwambia ndoo.

Ijumaa, 16 Januari
Nimeenda Kariakoo, nimenunua karatasi za silva za kufungia zawadi. Kumi na mbili. Nimezitundika kwa uzi chini ya bati, zisiguse. Kinachong'aa hakitoi joto kirahisi, hata kikipata moto. Mama akauliza akili hiyo nimeitoa wapi. Shule, mama. Amelala mchana wote, mara ya kwanza wiki hii.

Jumamosi, 17 Januari
Shangazi Zena, dada yake baba, kaja. Akatazama juu.
"Harusi ya nani humu?"
Mwenye eda havai hata hereni, wewe unamtundikia mapambo? Kaka yangu ana miezi miwili tu kaburini! Akazichana zote kwa mpini wa ufagio. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: joto. Nikaokota vipande.
Mama akasema, "Wifi kasema kweli, mwanangu. Watu watasema."
Watu gani? Hao wanaokaa barazani kwenye upepo?

Jumatatu, 19 Januari
Asubuhi mama kapata kizunguzungu, chai yote imemwagika kitandani. Sikumuuliza mtu. Nimenunua karatasi nyingine, nimezitundika.
Saa tisa Shangazi huyo.
"Nani kazirudisha?"
Nilikuwa nimesimama pale pale, uzi uko mkononi, nyuma ya mgongo.
"Mimi," mama kasema. Kalala, kafumba macho. "Nimezipenda."
Nimemwachia mama abebe lawama!
Safari hii Shangazi hakuchana hata moja. Katoka polepole, pazia kaliacha wazi. Sasa yuko uani na baba mdogo, anaongea ili wapangaji wasikie: kasema kwa mdomo wake, kazipenda, mume hata miezi mitatu hajafikisha. Baba mdogo anauliza, nani kamletea? Mwanamume gani?
Ni hatua nne mpaka uani. Nimesimama mara mbili. Mama kanishika kanga. Haniachii.