Ng'ombe wa Bibi Spesiyoza

Ummy shoga, mgeni siku mbili, siku ya tatu mnyang'anye ng'ombe. Ndiyo methali yetu mpya hapa Simbo. Nimechoka, hata kukaa siwezi.

Unamkumbuka yule ng'ombe mwekundu tuliyemwokota Kagunga, mbavu zinahesabika, kwato zimepinda? Miezi mitatu namsafisha vidonda. Miezi mitatu hainui kichwa, umwite usimwite.

Leo kaja bibi mmoja mkimbizi wa Burundi, Spesiyoza, amefikia kwa mkwewe hapa kijijini. Anasema ng'ombe ni wake, walipoteana siku ya kukimbia.

Mzee Gharib, mwenye kituo chetu cha kutunza mifugo iliyookotwa, akamjibu, "Lete karatasi."

Karatasi, Ummy! Mtu kakimbia risasi na kanga moja, anaombwa karatasi! Kumbe Mzee keshamwahidi shemeji yake huyo ng'ombe.

Bibi akasimama nje ya zizi akaanza kumwimbia kwa Kirundi, jina lake na sifa zake, kama wanavyowaimbia ng'ombe kwao.

Aliinua kichwa, Ummy. Aliinua kichwa! Akaja mwenyewe, akamlamba bibi mikono.

Mzee anasema, "Ng'ombe yeyote hufuata chumvi ya jasho."

Nikamwambia mbele ya watu, "Basi Mzee, mwimbie na wewe tuone."

Wote walicheka isipokuwa yeye. Nikafungua lango, bibi akaondoka na ng'ombe wake.

Sasa Mzee katuma mtu: nikamwombe radhi kabla ya magharibi, au kazi basi. Begi nimeshafunga.

Simwombi.