Wa Mwisho Kwenda Hospitali

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku sote wazima, ila kiti cha ofisi yangu mpya kinalia kama bata kila nikigeuka. Ndiyo, wamenipa uprofesa! Yule mtoto uliyembandika jina la Maswali sasa analipwa kwa kuuliza.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni kuchunguza kwa nini wengine huugua na kufa mapema kuliko wenzao. Wenzangu hunisifu kwa swali moja ninalouliza kila nyumba: "Hapa kwenu, nani huwa wa mwisho kwenda hospitali?" Watu hucheka kwanza, kisha wote hugeuka kutazama jikoni.

Swali hilo sikulipata chuoni, nimelitoa kwako. Sisi tukikohoa tu, umeshatubeba mgongoni mbio zahanati. Ukiugua wewe, ulijifunga kitambaa kichwani na kuendelea kusonga ugali: "Kahoma tu haka, katapita." Asante, Shangazi. Uzima wangu na uprofesa wangu ni kazi ya mikono yako.

Sasa kaka ameniambia habari ya huo uvimbe kwenye titi. Eti umemjibu, "Ngoja kwanza wajukuu wapone mafua."

Mafua hayaui, Shangazi. Jumatatu asubuhi nakuja kukuchukua. Usipike, usifagie, usimngoje mtu. Na usiniambie miguu inauma, maana mgongo wa kukubeba ninao.

Mwanao uliyemdekeza,
Maswali