Mafungu ya Sufu Kitandani

Mama watoto,

Nimevuruga mpango wako wa kufuma wa mwaka mzima. Nilikuta madonge ya sufu yametapakaa kitandani, nikayapanga kwa rangi na kuyatia yote kapuni. Huyu binti yako akapiga kelele: “Baba, umefanya nini? Kila fungu lilikuwa la mtu wake!” Ningejuaje? Kwangu mimi sufu ni sufu. Ungeniambia.

Asubuhi hii tumeyatenganisha upya, yeye akikumbuka, mimi nikiyarudisha kitandani. La kichanga wa dada yako liko karibu na mto, la kofia za mapacha wetu liko upande wa dirisha. Funga mlango, paka asiingie. Chakula kiko jikoni, pasha tu.

~~La kijivu halina mwenyewe, mpe jirani.~~ Usimpe mtu! Binti anasema ni sweta langu, la kwanza kwenye mpango. Kumbe nami nimo! Nimefurahi, usinicheke.

Tatizo, kamba niliyofungia kapu niliikata humo humo kwenye fungu la kijivu, tena ndefu.

Hasara yote: chai sijanywa, kazini nimechelewa, na sweta langu limepungukiwa mkono mmoja.

Baba watoto