Matumbawe ya Hai Mauna

Hai Mauna, Juba
Jumapili, alasiri

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, na goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za shule. Je, unaendelea kulikanda kwa maji ya moto, au umeshaacha kwa sababu limetulia kidogo? Nakujua. Mimi ni mzima, nala vizuri, na darasani siko nyuma. Najua tulizungumza kwa simu juzi, lakini mtandao ulikatika ndiyo kwanza naanza kukueleza, na isitoshe ulinitaka niandike kwa mkono ili Kiswahili changu kisiharibike huku. Dereva wa lori la Mjomba anaondoka kesho kupitia mpaka wa Nimule, na ameahidi kuikabidhi barua hii mkononi mwako.

Habari kubwa ni kwamba tangi la samaki la Mjomba limepona, na aliyelitibu ni mimi. Nisamehe kwa kujisifu kabla ya kueleza.

Unakumbuka Mjomba alipokutumia picha ya lile tangi la kioo, ukacheka ukasema, "Mtu wa Garissa ameanza lini mapenzi na bahari?" Picha haionyeshi kitu, Mama. Tangi ni refu kama kitanda, limewekwa kwenye ukuta wa ndani wa sebule ambako jua halifiki. Maji yake ni ya chumvi. Tunachuja maji, tunayakoroga na chumvi maalumu inayoletwa kwa magunia kutoka Nairobi, mpaka yanakuwa sawa na ya bahari. Ndani mna samaki wachache, na mna matumbawe. Wewe unayajua matumbawe kama mawe ya kuta za nyumba za zamani hapo Mombasa. Haya yako hai. Yana midomo. Mengine yamekaa kama uyoga, mengine kama vidole vya mtoto mchanga, na taa ya buluu ikiwaka yanafunguka polepole, kama mtu anayeamka siku ya mapumziko.

Nilipofika huku Mjomba alinikabidhi kazi ya kulisafisha. Alisema mtoto wa mwalimu hawezi kushindwa na sanduku la maji. Muhula uliopita nilikaribia kushindwa. Mwani ulianza kama vumbi la kijani kwenye kioo. Nikifuta asubuhi, jioni umerudi. Kisha ukaota nywele. Nywele za kijani, ndefu, zikafunika mawe yote, na matumbawe yakajifunga kama ngumi. Hata harufu ya sebule ilibadilika.

Mama Sahra, mke wa Mjomba, ni mtu mpole, lakini alikuwa ameagiza majlisi mpya ya magodoro na mito, ya rangi nyekundu iliyoiva, na alitaka ifike kabla ya Idd ya kuchinja.

"Baba Sahra," alimwambia Mjomba tukiwa tunakula, "hiyo si bahari tena, ni mtaro. Majlisi yangu nataka izunguke kuta zote nne. Wageni wangu wataegemea mtaro?"

Mjomba alimaliza tonge lake. Halafu akanitazama mimi. "Majlisi ikifika kukiwa bado kijani," alisema, "nalitoa maji. Samaki tutawa..." Hakumaliza. Sote tulijua kwamba hapa Juba hatumjui mtu mwingine mwenye maji ya chumvi nyumbani kwake. Wangewekwa kwenye ndoo, na kwenye ndoo wangekufa, na matumbawe yangetangulia.

Kwanza nilishuku maji. Huku tunanunua maji ya gari, yale yanayopampwa kutoka mtoni, nami nikawaza kwamba kichujio kimechoka. Nikayapima yaliyotoka kwenye kichujio. Upimaji wenyewe ni rahisi: unatia maji kwenye kichupa, unadondosha dawa, unatikisa, unalinganisha rangi. Maji yetu yalikuwa safi kabisa. Nikapima ya tangi. Yakawa mekundu kama karkade, ile chai ya maua inayonywewa huku! Maana yake naitreti, ile inayotokana na uchafu uliooza, ilikuwa imejaa tele. Na fosfeti vilevile.

Nikamwendea Mwalimu Keji, anayetufundisha baiolojia. Yeye alikulia Uganda wakati wazazi wake wakiwa wakimbizi, na Kiswahili chake ni cha kule, lakini akili yake inakata kama wembe. Nilimwomba anitajie dawa ya kuua mwani.

"Ifrah, wacha kukimbilia dawa," alisema. "Mwani nayo ni shamba. Shamba inakula mbolea. Wewe tafuta nani iko namwaga mbolea."

Basi siku shule ilipofungwa mapema nilikaa sebuleni na vitabu vyangu, nikajifanya nasoma. Mama, laiti ungekuwepo! Mjomba alitoka msikitini akawatilia samaki vidole vitatu vya chakula, akasema bismillah. Mama Sahra akapita na chai, akatia kidogo, kwa sababu samaki wa manjano alikuwa akimfuata kwenye kioo. Wakaja wageni wawili wa Mjomba, wafanyabiashara wa jumla, na kila mmoja akamega mkate wake wa anjera akautupa ndani, maana katika nyumba hii hakuna anayekula huku mwenzake akitazama, awe mtu au samaki. Hata Lado, mlinzi wetu, alipoingia kuja kuchukua chai yake, aliacha kipande cha mkate juu ya maji.

"Mzee Lado," nilimwambia, "na wewe pia?"

"Mimi iko napa yeye kidogo tu," alisema. "Hii samaki naangalia mimi na macho ya njaa, binti. Mimi najua njaa."

Nyumba nzima ilikuwa ikitoa sadaka, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake ameshatoa. Samaki walikuwa wakila na kumwaga, na mabaki yote yalioza yakawa mbolea. Sasa mimi, mtoto, nitamwambiaje Mjomba aache kutoa sadaka? Nilijaribu kwa upole wakati wa chakula cha jioni. Aliweka kijiko chini.

"Yaani mimi nilale nimeshiba na walio chini ya dari yangu wana njaa? Hiyo ni dini ya wapi?"

Wewe ulinifunza kwamba mkubwa akiuliza swali kama hilo hataki jibu. Lakini nilifikiri usiku kucha, na asubuhi niliweka kikombe cha kahawa kitupu juu ya kifuniko cha tangi. Nikawaambia wote: mwenye nia ya kutoa, atie hapa. Mimi nitawapa samaki kiasi kinachowatosha, na kitakachobaki sitakitupa, nitampa Lado apeleke kwake Gumbo, ng'ambo ya daraja, ana kuku. Mjomba alikitazama kikombe. "Na thawabu?" akauliza. Nikasema, "Kuku naye ana tumbo, Mjomba." Mama Sahra alicheka mpaka akashika ukuta, na kikombe kikakubaliwa.

Kazi yenyewe sasa ikaanza. Niling'oa zile nywele kwa mkono na kusugua mawe kwa mswaki wa zamani, kidogo kidogo, huku nikivuta uchafu kwa mpira. Kila wiki nilibadilisha sehemu ya maji. Niliisafisha mashine ya povu, ile inayokusanya uchafu juu kabla haujaoza, ikaanza tena kutoa maji meusi kama chai ya rangi. Katika chumba kidogo cha chini ya tangi niliacha fundo moja la mwani mwingine, ule mgumu unaofanana na waya wa kusugulia sufuria, nikauwekea taa yake. Huo nao unakula mbolea ileile, lakini unakaa pale ulipowekwa, na ukikua unaupunguza kama majani ya chai. Karkade ikapungua ikawa waridi, kisha waridi hafifu. Mawe yakaanza kuonekana. Lado akaniambia kuku wake wamenenepa hata hawataki kutembea.

Hapo Mjomba akafurahi kupita kiasi. Ukijua anavyopenda ushindi, utaelewa. Alileta kutoka kwa rafiki yake wa Nairobi mfuko wa chembechembe zinazofyonza fosfeti, na badala ya kutia kiasi kilichoandikwa akatia mfuko wote. Nilipopima, kichupa kilibaki kama maji ya kunywa. "Sifuri!" aliwaambia wageni wake. "Msichana wangu ameleta sifuri!" Nami nilijivuna, sitakuficha.

Lakini matumbawe yakaanza kupauka. Yale ya vidole, yaliyokuwa ya zambarau, yakawa kama mtu aliyetoka hospitali. Sikuelewa. Maji yalikuwa safi kuliko wakati wowote, na majlisi ilikuwa imeshavuka Nimule.

Mwalimu Keji alinisikiliza akiwa amesimama kwenye lango la shule na mkoba wake begani. "Ndani ya tumbawe kuna mwani kidogo-kidogo, haionekani na macho," alisema. "Hiyo ndiyo inapikia yeye chakula. Sasa wewe umefunga jiko. Mtoto alikuwa na tumbo ya kushiba, wewe unamnyima mpaka anakufa? Rudisha kidogo. Kidogo, Ifrah!"

Nilitoa chembechembe zote za Mjomba, na nilimweleza kwa adabu kwa nini. Alinuna mpaka adhuhuri tu. Kisha ikanibidi nipite kwa kila mmoja niliyemkataza, nimwombe ruhusa nichote zaidi kikombeni kwa ajili ya samaki, na kuku wapunguziwe. Lado alisubiri siku hiyo kwa hamu.

"Aha! Jana wewe ilikuwa polisi ya samaki," alisema. "Leo polisi nakuja omba?"

"Naomba, Mzee Lado."

"Kalas, basi. Lakini kuku yangu italia."

Nikawa napima, nawalisha, napima tena. Sikutaka karkade na sikutaka sifuri. Nilitaka ile rangi hafifu ya katikati, kama maji yaliyooshea kikombe cha sharubati. Ni kazi ya subira, maana matumbawe hayakwambii leo kama umekosea. Yanakwambia baada ya muda, na ukiwa na haraka unakosea mara mbili.

Majlisi ilifika siku ya Alhamisi. Vijana wa dukani waliingiza magodoro, wakapanga ukuta wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha wakasimama na ule upande wa nne mabegani, wakingoja kuambiwa. Mjomba akamtazama mkewe. Mimi nilikuwa nimewashikia mlango. Mama Sahra aliketi kwenye godoro lake jipya, kuona kama limeshonwa vizuri, na mbele yake likawa tangi. Kioo kilikuwa safi. Vidole vilikuwa vimeanza kurudisha zambarau, kutokea chini kwenda juu, na ule uyoga mkubwa ulikuwa umefunguka wote. Alitazama. Vijana wakahamisha mzigo kutoka bega hili hadi lile.

"Mama, ni mzito," mmoja akasema.

"Upelekeni barazani," Mama Sahra akajibu, bila kugeuka. "Hapa watu watakaa pande tatu, waangalie wa nne."

Mjomba alitoka nje haraka. Alisema anakwenda kuangalia jenereta, lakini jenereta ilikuwa imezimwa.

Jana Mwalimu Keji alileta darasa letu zima. Mama Sahra aliwakalisha kwenye majlisi bila hata kutandika shuka juu, akawapa chai na halua. Nilisimama mbele nikaeleza yote, chakula, mbolea, mwani mbaya na mwani mzuri, nikaona Mjomba amesimama mlangoni anasikiliza kama mwanafunzi. Rafiki yangu Poni, ambaye kwao ni Rejaf na anajua samaki wa mtoni kuliko mimi ninavyojua jina langu, alichovya kidole akakilamba.

"Yawa!" akapiga kelele. "Nani ameweka chumvi yote hii?"

"Mungu," nikasema.

"Na kwenu Mombasa iko hivi tu?"

"Hivi hivi, mpaka macho yachoke."

"Na chini yake iko na maua kama haya?"

Nikamwambia, Mama, kwamba chini yake sijawahi kutazama.

Msalimie Baba sana, mwambie kitabu cha hesabu alichonitumia nimekimaliza. Msalimie Bibi, mama yako, mwambie namwombea kila sala. Msalimie kaka yangu Yusuf na mkewe, na mtoto wao ambaye sijamwona. Msalimie Shangazi Zeinab wa upande wa Baba, na jirani yetu Mama Pendo aliyenisuka nywele siku niliyoondoka. Mjomba na Mama Sahra wanakusalimu wote. Mwalimu Keji naye anakusalimu, anasema anataka kumjua mwalimu aliyemtangulia kunifundisha.

Sasa nina ombi moja. Ulinikataza tangu utotoni maji ya bahari yasinipite magoti, nami nilitii. Ndiyo maana nimezaliwa Mombasa na matumbawe hai nimeyaona kwanza Juba. Mwalimu Keji anasema wapo watu wanaoyasomea, na kwamba kazi hiyo ingenifaa. Nikija likizo ya mwisho wa mwaka, naomba ruhusa yako niingize kichwa ndani ya maji, nifumbue macho, nione. Wewe unishike mkono kama unaogopa. Nitatoka utakaponivuta.

Mwanao anayekupenda na kukutii,
Ifrah