Kocha Verna Hostetter na Basi la Saa Kumi na Mbili na Nusu

Ni mwaka mmoja na siku tatu sasa tangu ututoke, Mama, na hizo siku tatu ni makosa yetu. Tangazo hili la kumbukumbu lilipaswa kutoka gazetini Jumamosi. Ungekuwepo ungetuzungusha uwanja mara tano kwa kuchelewa, hata Baba na goti lake bovu. Lakini tulikataa kuandika kabla ya kujua kama tunakukumbuka wewe peke yako, au wewe pamoja na timu yako.

Miaka thelathini na moja ulifundisha mpira wa magongo katika chuo kimoja, hapa hapa Kreiderton, ndani ya koti lile lile la mvua la njano. Ulianza na wasichana kumi na wawili na uwanja wenye vumbi. Baba alitumwa na gari la zimamoto aje kulaza vumbi, akakumwagia maji wewe, na ndipo mkaoana. Mpaka leo anadai mkono uliteleza. Hakuna anayemwamini.

Tunakumbuka machungwa uliyokata vipande vinne vinne usiku wa kuamkia mechi. Tunakumbuka ulivyomsumbua mwalimu wa kemia mpaka msichana wako akaruhusiwa kurudia mtihani, kisha ukamkalia kooni mpaka akafaulu. Ulikuwa na moyo laini kwa kila kitu isipokuwa saa.

"Basi halina shangazi wa kubembelezwa," ulikuwa ukisema. "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi linaondoka."

Mwaka juzi liliondoka bila Kendra Zook, kipa wako. Ng'ombe wa kwao alizaa alfajiri ile kwa shida. Kendra alifika mbio, mikono bado ina damu, basi likiwa linakata kona. Mimi Rhoda, binti yako na msaidizi wako, nilimwona.

"Mama, yule pale anakuja."

"Nimemwona," ukasema, na dereva akaendelea.

Tulifungwa saba bila. Jumatatu Kendra akarudisha kinga za miguu, hakucheza tena. Hukumwomba radhi. Ulipokuwa unaumwa uliniuliza mara mbili kama hajambo, nami nikakujibu, kamuulize mwenyewe. Jibu lile linaniuma hadi leo.

Ulipoondoka, wachezaji wengine walihitimu, wengine wakahama. Chuo kikanikabidhi timu kwa sharti moja: tuwe na wachezaji kumi na mmoja uwanjani mechi ya kwanza ya msimu huu, la sivyo timu inavunjwa. Agosti ilipokwisha tulikuwa na kumi. Wawili hawakuwahi kushika gongo maishani, na hakuna hata mmoja aliyekubali kusimama golini.

Nikaenda zizini kwa akina Zook. Kendra alikuwa anakamua.

"Angekuja mama yako mwenyewe," akasema.

"Kendra, mama amefariki."

"Najua. Nilikuwa mazishini. Nilifika kabla ya mchungaji."

Ndipo nikamwambia ukweli. Nikamwambia ulikosea, ulijua kuwa umekosea, na kiburi kilikufunga mdomo. Nikamwomba radhi kwa niaba yako. Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini limeshasemwa.

Alikamua mpaka ndoo ikajaa.

"Haya, nikija, hawa nani atawakamua? Wewe?"

"Baba."

"Yule mzee wa zimamoto? Ng'ombe watamcheka."

Tangu siku ile Baba anakamua kila asubuhi. Anakamua vibaya, na ng'ombe wanamcheka kweli.

Jumamosi, siku yako na siku ya mechi ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu iligonga na Kendra hayupo. Dereva akanitazama. Wasichana wakatazama saa, kisha wakanitazama. Kiti chako cha mbele kilikuwa kitupu kama tulivyokiacha, nikakishika mgongo, nikasema, "Tunasubiri."

Mmoja akanong'ona huko nyuma, "Leo Kocha Verna atafufuka."

Tulicheka, huku mimi machozi yananitoka. Tulisubiri dakika nne, Mama. Ndipo Kendra akatokea mbio, na Baba nyuma yake kabeba kinga za miguu, amelowa maziwa mpaka kifuani.

Tulifungwa mbili kwa moja. Wasichana wetu walianza kumi na mmoja, wakamaliza kumi na mmoja. Timu yako ipo. Mwakani itakuwepo, na mwaka utakaofuata, hata kama itabidi tuzunguke kila zizi la wilaya hii kutafuta wasichana. Mazoezi ni kesho.

Wanaokukumbuka ni mumeo Harlan, watoto wako Rhoda na Dwight, mkweo Marisol, mjukuu wako Ezra, ambaye ameanza kutembea na tayari analiburuta gongo lako, dada yako Arlene, na mabinti wote uliowafundisha, akiwemo Kendra, aliyetuomba jina lake liandikwe hapa.

Hatutakusahau siku zote tulizobakiwa nazo. Basi bado linaondoka saa kumi na mbili na nusu; na ikibidi, na dakika nne.