Waliobaki Msikitini Baada ya Alasiri

Idrisa,

Sikuandikii kwa kukulilia. Hitima nilikusomea kama ilivyonipasa, na dua yako siikatizi. Lakini hasira yangu kwako haikuzikwa.

Kesho kikao cha kata kitaamua kama mtambo wa kusaga kokoto ubaki hapa Chanika. Mezani utawekwa utafiti wako, unaosema vumbi lake halihusiani na ugonjwa wa mapafu.

Unakumbuka ulivyonijia? Wagonjwa ulikwisha kuwapata zahanati. Ulitafuta wazima wa kulinganisha nao, ili uwaulize wote wamevuta vumbi miaka mingapi. Nilikuambia uchukue daftari la wajumbe wa nyumba kumi, uchague nyumba kwa kura, uende popote kura itakapokupeleka, hata mabondeni. Ukacheka. "Maalim, na jua hili? Hapa msikitini si wapo, tena wamekaa safu kabisa."

Msikiti wetu uko langoni pa mtambo. Wanaoswali alasiri pale ni wapasua mawe waliotoka zamu, vumbi lingali kwenye kope. Hao ndio uliowafanya wawe mfano wa wazima wa mtaa mzima. Wagonjwa wamevuta vumbi, wazima wako nao wamevuta vumbi. Hukuona tofauti, ukaliandikia vumbi hati ya kutokuwa na hatia. Nilipokuuliza, ulisema hesabu za kompyuta zitarekebisha. Zingerekebisha nini, Idrisa, ilhali waliokaa mbali na mtambo hukumuuliza hata mmoja? Nilikufundisha madrasa kumpima msimulizi wa hadithi kabla ya kupokea habari yake, nawe ulikuwa hodari kuliko wenzako. Elimu hukuikosa. Ulikosa subira ya kutembea.

Nami nilishika kipaza sauti, nikawaomba waumini wabaki uwahoji. Hilo nitaulizwa mimi.

Mjane wako alikuja jana. "Maalim, marehemu hawezi kujitetea. Mwachie jina lake." Ana haki ya kusema hivyo. Kisha Bi Zuhura, jirani yangu hapa kando ya mtambo, akaanza kukohoa nyuma ya ukuta, mwanamke ambaye hajapata kushika nyundo maishani mwake. Tulimsikiliza sote wawili mpaka akamaliza. Mkeo akachukua mtandio wake, akaondoka bila kuniaga.

Kesho nitasimama, nilitaje kosa lako kwa jina lako, na langu baada yake, niombe utafiti urudiwe nyumba kwa nyumba.

Kwaheri, Idrisa. Kila Ijumaa nitakuombea maghufira. Kukutetea, sitakutetea.

Maalim wako